Zipu ya mkoba huharibikia miishoni: mwongozo kamili wa kuishona

Mikoba inayoletwa mezani kwangu kurekebishwa hapa Goma huwa na kasoro ileile. Meno ya zipu ni mazima, kitambaa ni kizima, lakini pale zipu inapoingia kwenye mshono wa ubavu, uzi umekatika, utepe umechomoka na kichwa, kile kinachovutwa kufungua na kufunga, kimetoka njiani. Mwenye mkoba anadhani aliuziwa zipu mbovu. Mara nyingi zipu haina kosa lolote. Aliyeshona aliipeleka mpaka ndani ya ubavu, na hapo ndipo kila anayefungua mkoba huvuta kwa nguvu zote.

Kwa hiyo miisho miwili ya zipu nitaieleza kwa urefu kuliko kitu kingine chochote. Ukiipatia, hata mshono wako wa katikati ukipinda kidogo, mkoba utadumu.

Tutashona mkoba wa kikwembe (kitenge) wenye bitana, upana wa sm 30, kitako cha kuusimamisha, na zipu juu. Unaingia daftari, simu, chupa ya maji na pesa za sokoni. Wanaovuka kwenda Gisenyi wana sababu nyingine ya kuwa nao: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na huvuki nayo.

Kuchagua zipu

Kwenye maduka ya Birere na meza za soko la Virunga ukiomba tireti, yaani zipu, utaonyeshwa aina tatu. Ya kwanza ni ya nailoni: meno yake ni uzi mmoja mgumu uliozungushwa na kushonewa kwenye utepe. Ni laini, inapinda vizuri, na unaikata kwa mkasi wa kawaida. Ya pili ina meno ya plastiki makubwa, moja moja, kama ya makoti ya mvua. Ya tatu ni ya chuma.

Geuza kichwa cha zipu uangalie mgongo wake. Mara nyingi utakuta namba: 3, 5, 8 au 10. Namba hiyo ni upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa makadirio ya milimita. Namba 3 ni ya sketi na pochi ndogo. Kwa mkoba wa kubeba kila siku chukua namba 5. Namba 8 na 10 ni za mabegi ya safari, na kwenye kikwembe zinauelemea mkoba.

Hapa kwetu kuna jambo la kuzingatia ambalo mshonaji wa mji mwingine anaweza kulipuuza. Goma imekaa juu ya lava. Mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002 ulipitisha lava katikati ya mji, na ule wa tarehe 22 Mei 2021 ulifika viungani. Makoro, yaani mawe ya lava iliyopoa, yakisagwa na magurudumu na miguu yanakuwa vumbi jeusi, gumu, lenye ncha. Vumbi hilo likiingia kwenye meno membamba linakula kichwa cha zipu kutoka ndani. Ndiyo maana kwa mkoba utakaopanda pikipiki kila siku napendelea meno makubwa ya plastiki namba 5, maana ukiyapiga brashi yanasafishika. Kwa mkoba wa kanisani au wa ofisini, nailoni inatosha na inapendeza zaidi. Ya chuma ni nzuri, lakini ni nzito na haikatiki kirahisi, kwa hiyo anayeanza aiache kwanza.

Usinunue kabla ya kuijaribu. Ifungue na kuifunga mara kadhaa papo hapo mbele ya muuzaji. Halafu ifunge, uikunje iwe upinde, uvute pande mbili kwa vidole. Meno yakiachana katikati, irudishe mezani. Loweka kidole mate uusugue utepe, hasa ukiwa mwekundu au mweusi: ukiacha rangi kidoleni, utaiacha pia kwenye kikwembe siku ya kufua.

Zipu ya kuuziwa kwa mita, na vichwa kando, ni nafuu kwa anayeshona mikoba mingi. Kuingiza kichwa ni rahisi. Kata kipande unachotaka, kitenganishe chote kiwe pande mbili, ulinganishe ncha. Kichwa kina upande wenye matundu mawili na upande wenye tundu moja. Ingiza kila ncha kwenye tundu lake upande ule wa matundu mawili, zishike ncha zote pamoja zilipotokea, kisha vuta kichwa taratibu. Nyuma yake meno yatakuja yamefungwa. Zipu ikitoka na kifundo au upande mmoja ukawa mrefu, ncha hazikuwa sawa. Toa uanze tena.

Vitu vingine vya mezani

Kikwembe, nusu mita inatosha kwa mkoba mmoja. Kifue kwanza kwa maji ya moto kidogo, ukianike, ukipige pasi. Kikwembe kipya kina wanga, na pamba hurudi ikifuliwa. Ukishona bila kufua, kitambaa kitarudi na zipu haitarudi, kisha juu ya mkoba patakunjika bila dawa.

Bitana iwe ya pamba nyepesi yenye rangi ya kung'aa. Bitana nyeusi inaficha funguo. Kikwembe peke yake ni chepesi mno kubeba zipu, kwa hiyo kipe mgongo: kitambaa cha gundi kile cha kola za mashati, kinachoshikishwa kwa pasi, au jinzi kuukuu iliyokatwa kwa kipimo kilekile.

Uzi wa poliesta. Ukiukata kwa mkono bila kuumia kidole, huo si wa mkoba. Sindano ya cherehani namba 90 (kwenye pakiti huandikwa 90/14), na ukitumia jinzi panda hadi 100/16. Pini, chaki, utepe wa kupimia, mkasi wenye makali.

Mwisho, mguu wa cherehani wa upande mmoja, unaokuwezesha kushona karibu na meno. Hata cherehani za kukanyaga kwa miguu zina mguu wa namna hiyo, nao ni kitu kidogo cha kununua. Kama hujaupata, usikate tamaa: shona mstari wa zipu kwa mkono, kila pigo la sindano likirudi nyuma nusu hatua kabla ya kwenda mbele. Ni kazi ya jioni moja, na mshono wa mkono wa namna hiyo una nguvu ya kweli. Umeme ukikatika, utaumalizia kwenye mwanga wa taa.

Kukata

Kata vipande viwili vya kikwembe, upana sm 32 na urefu sm 28. Viwili vya bitana kipimo hichohicho, na viwili vya kitambaa cha mgongo. Angalia maua ya kikwembe kabla ya mkasi: ndege akiwa kichwa chini upande mmoja, ataonekana maisha yote ya mkoba. Kata kwa kufuata uzi wa kitambaa, si kwa mshazari, maana kitambaa cha mshazari kinavutika na zipu inakuwa mawimbi.

Kata vijalizo viwili vya kikwembe, sm 8 kwa sm 4. Hivi ndivyo vitakavyoshika miisho ya zipu.

Zipu yenyewe ikatwe iwe sm 29 kutoka ncha hadi ncha. Kabla ya kukata, sogeza kichwa hadi katikati. Ukisahau, kichwa kitaanguka na kile kipande ulichotupa.

Shikisha mgongo kwenye kikwembe kwa pasi. Kama mkoba utakuwa na mikono miwili ya kushikia, ishone sasa kwenye uso wa kikwembe, ikianzia sm 4 chini ya ukingo wa juu, na kila mguu wa mkono upigwe mshono wa mraba wenye msalaba ndani. Mkono ukishonwa ndani ya mstari wa zipu, uzito wote wa mkoba utaning'inia kwenye zipu.

Miisho: hapa usikimbie

Anza na ncha ambayo haina kizuizi, kile kipande kidogo kinachozuia kichwa kisitoke. Sogeza kichwa kuelekea katikati, lete pande mbili za utepe zikutane, na upige mshono wa kukatisha juu ya meno, milimita 5 hivi kutoka ncha. Geuza gurudumu la cherehani kwa mkono, sindano ishuke taratibu, mara tano au sita, kwenda na kurudi. Kwenye nailoni sindano inapita bila shida. Kwenye meno makubwa ya plastiki pitisha sindano ya mkono katikati ya jino na jino, ufunge fundo kwa nyuma. Kwenye kizuizi cha chuma usipitishe sindano kabisa: itavunjika, na kipande kinaweza kuruka machoni. Fanya hivyo kwenye ncha zote mbili. Sasa kichwa hakiwezi kutoka hata ukikivuta kwa hasira.

Chukua kijalizo kimoja. Kunja ncha zake fupi mbili kuelekea ndani, sm 1 kila moja, upige pasi. Kikunje tena katikati, ncha zilizokunjwa zikutane. Utapata kipande cha urefu wa sm 3, upande mmoja ni mkunjo, upande mwingine ni mdomo ulio wazi. Ingiza ncha ya zipu kwenye mdomo huo sm 1, mpaka ule mshono wa kukatisha ufichike. Piga pini. Shona mstari mmoja milimita 2 kutoka ukingo wa mdomo, ukipita juu ya tabaka zote, na ukifika kwenye meno geuza gurudumu kwa mkono. Rudi nyuma mara moja. Mstari uwe mmoja tu, usirundike mishono. Nitaeleza sababu mwishoni.

Fanya hivyo ncha ya pili. Punguza mbavu za vijalizo zilingane na upana wa utepe. Pima zipu pamoja na vijalizo: itakuwa karibu sm 33. Kata nusu sentimita kila upande, kwenye mkunjo, ibaki sm 32 kamili, sawa na upana wa kikwembe. Ukikata mkunjo unapunguza pia unene utakaoingia ubavuni.

Sasa tazama ulichonacho. Meno yanaishia mbali na ubavu. Mshono wa ubavu utapita kwenye kitambaa kitupu, na ndiyo maana utanyooka.

Kuunganisha zipu na vitambaa

Weka kikwembe kimoja mezani, uso juu, ukingo wa sm 32 ukiwa mbali nawe. Laza zipu juu yake, uso chini, ukingo wa utepe ukilingana na ukingo wa kikwembe. Juu ya zipu weka bitana, uso chini. Zipu iko katikati, kikwembe chini, bitana juu. Kama ukigusa kile kishikio cha kichwa unakikuta kinatazama bitana, zipu imegeuka, itoe.

Piga bandi, yaani mishono mirefu ya mkono ya kushikiza tu, kwenye tabaka zote tatu. Pini zinatosha kwa mwenye mazoea, lakini kwa anayeanza bandi ndiyo inayozuia zipu kuteleza. Usiivute zipu hata kidogo unapoishikiza. Ilale yenyewe. Mawimbi mengi ninayoona juu ya mikoba yametokana na mtu aliyevuta zipu ili ifike mwisho, ikarudi ilipoachiwa.

Funga mguu wa upande mmoja, urefu wa pigo milimita 2.5. Shona milimita 7 kutoka ukingoni. Usikaribie meno zaidi ya hapo: bitana ikikaa karibu na meno, kichwa kitaila kila kikipita. Anza ukiwa na kichwa cha zipu nusu ya njia. Ukishafika karibu nacho, simamisha cherehani sindano ikiwa chini ndani ya kitambaa, inua mguu, sogeza kichwa nyuma ya sindano, shusha mguu, endelea. Mstari hautapinda.

Fungua kazi yako: kikwembe upande mmoja, bitana mgongoni kwake, zipu ikichomoza juu. Piga pasi, lakini pasi ipite kwenye kitambaa tu. Nailoni na plastiki huyeyuka kwa pasi ya moto, na pasi ya makaa haina kipimo. Weka kitambaa chenye unyevu katikati. Kisha piga mshono wa juu, milimita 2 kutoka mkunjo, pigo la milimita 3, ukishika kikwembe na bitana pamoja. Mshono huu si pambo. Unazuia bitana isiingie kwenye meno.

Upande wa pili ni vilevile: kikwembe cha pili uso juu, zipu yenye kile kipande cha kwanza uso chini, bitana ya pili juu yake uso chini. Kabla ya kushona, linganisha ncha za kushoto na kulia za vipande vyote viwili. Vikipishana hata nusu sentimita, mkoba utakuwa na bega moja juu.

Mbavu na kitako

Fungua zipu nusu. Rudia kusoma sentensi hiyo. Ukishona mkoba wote na zipu imefungwa, hutakuwa na njia ya kuugeuza.

Kutanisha kikwembe na kikwembe, uso kwa uso. Bitana na bitana, uso kwa uso. Zipu iko katikati, imekunjwa mara mbili, meno yakielekea upande wa bitana. Piga pini kwanza pale kijalizo kilipo, maana ndipo panapoteleza. Shona kuzunguka kote, sm 1 kutoka ukingoni, ukiacha nafasi ya sm 12 bila kushona kwenye kitako cha bitana. Kwenye kijalizo punguza mwendo na urudi nyuma mara mbili. Sindano isiguse meno; ukihisi inagonga, kijalizo ni kifupi, fumua hapo tu.

Kwa kitako, shika pembe moja ya kikwembe, uifungue mpaka mshono wa ubavu ulale juu ya mshono wa chini na pembe iwe pembetatu. Pima mahali ambapo pembetatu ina upana wa sm 6, chora mstari, shona, kata kilichozidi ukiacha sm 1. Pembe zote nne, mbili za kikwembe na mbili za bitana.

Punguza unene pale vijalizo vilipokutana na ubavu, kwa kukata mshazari kwenye kona. Geuza mkoba kupitia ile nafasi ya bitana, kisha kupitia zipu. Sukuma kona za juu kwa kijiti butu, si kwa ncha ya mkasi. Funga nafasi ya bitana kwa mshono wa ukingoni, urudishe bitana ndani.

Ukifunga zipu, kila mwisho utaonyesha kijalizo cha sm 1.5 hivi kati ya meno na ubavu.

Zipu ikishaanza kutumika

Kwa vumbi letu, brashi ya meno iliyochakaa kila wiki inatosha. Fungua zipu, piga brashi kavu kwenye meno na mdomoni mwa kichwa. Usitie mafuta ya kupikia: yananasa vumbi na kulifanya tope. Zipu ikiwa nzito, sugua mshumaa au kipande cha sabuni kavu juu ya meno, uifungue na kuifunga mara kadhaa, ufute.

Meno yakianza kuachana nyuma ya kichwa, usifumue mkoba. Kichwa kimepanuka. Rudisha kichwa mwanzo wa zipu, chukua koleo, ubane kidogo ubavu wa kushoto na wa kulia wa kichwa, upande ule wa tundu moja, kisha ujaribu. Bana kidogo kidogo; ukizidisha kitakwama, na cha aina hafifu kinaweza kupasuka.

Kikikataa, ndipo ule mstari mmoja wa kijalizo unapokuwa na faida. Fumua mstari huo upande mmoja tu, pamoja na mishono inayoshika kingo za utepe hapo kwenye kijalizo. Vuta ncha ya zipu itoke mdomoni, fumua mshono wa kukatisha, toa kichwa kibovu. Ingiza kipya chenye namba ileile, ncha mbili zikiwa sawa. Hakikisha kinafunga hadi mwisho wa pili, rudisha mshono wa kukatisha juu ya meno, ingiza ncha ndani ya kijalizo sm 1, na urudishe mishono yote uliyofumua kwa mkono juu ya matundu yaleyale ya zamani.